Mlima Meru si "mazoezi ya Kili": siku nne na afande, nyati, na kiatu kilichoachama

#1 Mchana Kutwa (mleta uzi)

Wakuu, heshima zenu. Niliahidi kwamba nikirudi nitaandika. Nimerudi, kucha mbili za miguu zimekuwa nyeusi, naandika.

Nianze na kinachoniudhi. Ukimwambia mtu unakwenda kupanda Meru, jibu ni lilelile: "Aah, unapasha misuli kabla ya Kili?" Hata wenyeji wa Arusha, mlima uko juu ya vichwa vyao kila asubuhi wanapopiga mswaki, wanasema hivyo. Huu ni mlima wa pili kwa urefu Tanzania (vitabu vingine vinasema mita 4,562, vingine 4,566, mimi nilikuwa nahema sikupima). Na una kitu ambacho njia nyingi za Kili hazina: hutembei hatua moja bila askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa sababu unapita katikati ya wanyama kwa miguu yako. Hakuna gari wala kioo cha kupandisha.

Tulikuwa wanne: mimi, mdogo wangu wa kike, shemeji (mume wa dada, mtu wa jimu, kifua kama mlango) na rafiki yetu mmoja wa kazini. Mwezi wa tisa, kavu, vumbi la kutosha.

Kwenye lango la Momella unaandikishwa, mizigo ya wapagazi inapimwa, halafu anakuja afande. Wetu alikuwa mwembamba, wa makamo, anaongea taratibu kama mtu anayehesabu salio. Alitupa masharti akiwa amesimama: tusimpite mbele, tusibaki nyuma kupiga picha, akiinua mkono tunyamaze, akisema rudi turudi bila kuuliza. Shemeji akauliza, "Afande, hiyo bunduki umeshawahi kuitumia?" Akajibu, "Nimeibeba miaka mingi ili nisiitumie."

Kuna njia mbili kutoka Momella hadi Miriakamba, kituo cha kulala usiku wa kwanza. Fupi inakata mbuga ya wazi na kupanda moja kwa moja. Ndefu inazunguka kusini, inapita maporomoko ya Tululusia na ule mti wenye mlango. Ni mtini wa porini ulioanza maisha juu ya miti mingine, ukateremsha mizizi, ukawanyonga wenyeji wake, sasa umebaki umesimama kama geti la kanisa. Gari linapita chini yake. Tulipanda kwa ndefu, tukashuka kwa fupi.

Twiga ndio walitupokea. Nimewaona Mikumi nikiwa ndani ya basi, lakini kumwona twiga ukiwa umesimama chini, na yeye anakutazama huku anatafuna, ni kitu kingine. Unajiona mfupi hadi rohoni. Baadaye msitu ukafunga: mitarakwa, kuvumwani vinaning'inia kwenye matawi kama ndevu, na juu kabisa mbega wanaruka na ile mikia myeupe. Hondohondo wakipita juu yako mbawa zinavuma kama mtu anakung'uta mkeka.

Naenda kula, naendelea baadaye.

#2 Dar Joto

Nimekaa paleee. Uzi bila picha ni hadithi ya sungura, mkuu.

#3 Mama Junior

Asante kaka. Mimi naogopa mambo mawili: wanyama na kichwa kuuma huko juu. Usisahau kuyagusa yote mawili.

#4 Mgumu Mstaafu

Mleta uzi, nakuunga mkono nusu. Nimebeba mizigo Kili miaka kumi na moja kabla magoti hayajaniambia basi, kwa hiyo sikubali Kili ionekane haina wanyama. Msitu wa Machame na Marangu umejaa mbega na kima. Uwanda wa Shira wanafika pofu (wale swala wakubwa), na nyati pia, ndiyo maana njia za magharibi watu walikuwa wanapewa askari kwenye ule msitu wa chini. Kunguru wa shingo nyeupe utawakuta hadi kambi ya Barafu, na ukiweka boksi la chakula chini ukageuka kuvaa koti, umefunga.

Juu kabisa pia kuna habari zake. Mwaka 1926 mchungaji Richard Reusch alikuta chui ameganda karibu na ukingo wa kreta, mahali pale pakaitwa Leopard Point. Na mwaka 1962 msafiri Mwingereza Wilfred Thesiger na wenzake waliona mbwa mwitu watano kule kwenye barafu, wanawafuata kwa mbali. Walikuwa wanatafuta nini huko hakuna anayejua. Wagumu (sisi wapagazi) tulikuwa tunasema walikwenda kuchukua cheti.

Ila kweli, Kili wanyama wanakukwepa. Watu ni wengi mno. Meru ni wewe unayewakwepa.

#5 Mchana Kutwa

Mgumu Mstaafu, hiyo sentensi ya mwisho ndiyo niliyokuwa naitafuta tangu juzi. Dar Joto, simu iliisha chaji siku ya pili, baridi inanyonya betri kama mtoto. Vumilia maneno.

Miriakamba ni mita 2,514. Mabanda ya mbao, vitanda vya juu na chini, bisi na chai ya moto saa kumi jioni. Mtu ambaye hajala bisi za mlimani hajui kwamba bisi ni chakula.

Usiku, saa saba hivi, nikabanwa. Choo kiko pembeni, hatua kama thelathini. Nikavaa tochi ya kichwani, nikafungua mlango, nikasikia: *krrap... krrap...* Kama mtu anang'oa majani kwa mkono, polepole, bila haraka yoyote. Nikageuza kichwa. Macho mawili, mapana, ya kijani. Halafu tochi ikashuka kidogo nikaona ule mfupa wa kipaji, pembe zimekutana katikati kama nywele zilizochanwa njia. Nyati. Kutoka mlangoni hadi kwake haikuzidi urefu wa daladala.

Sikupiga kelele, na si kwa ushujaa: sauti haikutoka. Nikarudi kinyumenyume, nikafunga mlango kwa kidole kimoja. Haja ikaisha yenyewe, sielewi ilikwenda wapi. Asubuhi namsimulia afande, akacheka: "Huyo mwenyeji. Anakuja kwa ajili ya majani mafupi ya hapa uwanjani. Anajua taa zikizimwa watu wanalala. Wewe ndiye ulivunja ratiba." Akanionyesha kinyesi mlangoni, bado kinatoa moshi kwa baridi.

#6 Dar Joto

Hahahaaa "haja ikaisha yenyewe". Mimi ningehamia humohumo bandani mpaka mkataba uishe.

#7 Loshoro

Mimi ni wa Ngarenanyuki, chini ya huo mlima. Mambo mawili wageni huwa hawaambiwi.

La kwanza, nyati hao mnaowaita vivutio sisi ni majirani, na ujirani wenyewe una lawama. Mahindi yakikomaa mtu analala shambani na kopo la kugonga. Mashamba yamezunguka mlima karibu pande zote, mnyama akishuka amekutana na mtu. Sisemi hifadhi ifutwe, nasema mkipanda mjue kuna watu wanaokesha huku chini.

La pili ni historia. Mkisimama Momella mkatazama kaskazini, hiyo ni ardhi ya kesi. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 huku Engare Nanyuki kwa nguvu, nyumba zikachomwa, ili walowezi wapate mashamba ya ng'ombe. Mwaka 1952 wazee wakamtuma Kirilo Japhet hadi New York, Umoja wa Mataifa, kwenda kusema. Hawakurudishiwa ardhi wakati ule, lakini Tanganyika nzima ilisikia, na TANU ilikuwa bado haijazaliwa. Mwongozaji akikuonyesha twiga asikuonyeshe na hilo, amekupunja.

Na maji: msinywe ya mito ya huku bila kuuliza. Mlima ni wa volkano, maji yana madini ya floraidi mengi. Meno yetu ya kahawia mnayoyatania mjini yametokana na hapo. Si uchafu.

#8 Mchana Kutwa

Loshoro, shikamoo kama wewe ni mkubwa kwangu. Sikuambiwa hata moja kati ya hayo, na tulikaa na mwongozaji siku nne. Lile la floraidi limenigusa, shuleni tulikuwa na mwenzetu kutoka Maji ya Chai, kule Arusha, tulimtania hadi akawa hacheki mbele ya watu.

Siku ya pili. Kutoka Miriakamba hadi Saddle, kituo cha pili cha kulala, mita 3,570. Ngazi, ngazi, ngazi. Katikati kuna pahala panaitwa Mgongo wa Tembo, unapumzika unatazama ndani ya mlima. Na hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu ndipo nilipoelewa umbo la Meru. Mimi nilidhani ni mlima kama chungu kilichopinduliwa. Kumbe ni chungu kilichovunjwa upande mmoja. Maelfu ya miaka iliyopita ukuta wa mashariki ulibomoka wote, tope na mawe vikamwagika kuelekea Kilimanjaro. Vile vilima vidogo vya chini na maziwa ya Momella ni mabaki ya ule mporomoko, maji yamekaa kwenye mashimo yake. Ndiyo maana kila ziwa lina rangi yake, kila moja limejikusanyia chumvi zake, na heroe wanahama kutoka hili kwenda lile. Ndani ya chungu kumeota koni ya majivu, nyeusi, safi, kama mtu kaimwaga jana. Mlima huu ulitema mara ya mwisho mwaka 1910. Bibi yake bibi yako angeweza kuona.

Pale juu msitu unaisha ghafla, inabaki mirika, vichaka vya kimo cha mtu. Kwenye mawe tukaona mbuzi mawe wawili, wamesimama kwa ncha za kwato kama wanaogopa kuchafua miguu. Kinyesi cha nyati kilikuwa bado kipo. Nikamuuliza afande, nyati wanafuata nini kwenye mita 3,500? "Anayefukuzwa na wenzake huenda popote."

Saddle ndipo kiatu changu kikaachama. Nilinunua buti za mtumba mjini, nzuri, za Ulaya, soli nene. Gundi ilikuwa imezeeka. Soli ya kushoto ikafunguka mbele kama mdomo wa mamba. Nikajua safari imeisha. Mpagazi mmoja kijana akasema "brazaa leta hapa", akatoa mfukoni kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, akakikata kama utepe, akazungusha mara nne na kukaza fundo kwa meno. Nikataka kumlipa. Akasema kwanza tuone kama kitashuka.

#9 Mama Junior

Na kichwa?

#10 Mchana Kutwa

Naja, Mama Junior.

Jioni ya siku ileile tulipanda Meru Ndogo, mita 3,820, tukashuka kulala Saddle. Watu wengi hukwepa hiyo, wanasema wamechoka. Msiikwepe. Mwili ukipelekwa juu kidogo halafu ukalazwa chini, unajifunza. Ile ndiyo maandalizi yenyewe.

Saa nane usiku tukaanza. Kwanza Rhino Point. Kifaru wenyewe hawapo tena kwenye hifadhi hii, majangili waliwamaliza, limebaki jina. Baada ya pale kuna ukingo mwembamba na miamba ya kushika kwa mikono, sehemu nyingine wamefunga mnyororo. Kushoto kwako ni shimo la kreta, giza tupu, ukirusha jiwe husikii limefika. Usiku ni heri, huoni. Mchana wakati wa kurudi ndipo miguu ilitetemeka.

Sasa shemeji. Tangu Saddle alikuwa ametangulia mbele ya mwongozaji, "polepole ni ya wazee". Rhino Point akakaa. Akatapika. Nikamuuliza unaonaje, akasema yuko sawa, ila taa za Moshi zinamzunguka. Mwongozaji hakubishana naye. Alimwambia asimame, atembee kisigino kigusane na vidole, mstari mmoja, hatua tano. Hatua ya pili akapepesuka kama ametoka kwenye mbege. Basi. Mwongozaji msaidizi akamshika mkono, wakashuka. Hakuna mjadala, hakuna "jikaze wewe mwanaume". Alipofika Saddle akalala, alipofika Miriakamba mchana akala sahani mbili za wali.

Kwa hiyo Mama Junior: kichwa kuuma kidogo ni kawaida, karibu wote kiliuma. Kinachotisha ni kutapika mfululizo, kupepesuka, kuongea ovyo, au kukohoa huku unakosa pumzi hata ukiwa umekaa. Dawa ya hapo ni kushuka, na ni kushuka sasa hivi, usiku huohuo. Hewa ya pale ina oksijeni inayozidi kidogo nusu ya ile ya Dar, na kifua kikubwa hakikusaidii, tumeshuhudia. Kuna watu wanakunywa Diamox, dawa ya kuzuia maradhi ya mwinuko, hilo ulizana na daktari wako kabla, si na mimi.

#11 Mgumu Mstaafu

Hicho kipimo cha kisigino na vidole kila mtu akiweke kichwani. Nimebeba watu kwenye machela waliokuwa wanasema "niko sawa". Wenye nguvu ndio wanaotusumbua zaidi, mnyonge anajijua.

Na huyo kijana wa mpira wa baiskeli, nataka kuamini ulimkumbuka kwenye bahasha ya bakshishi.

#12 Mchana Kutwa

Nilimkumbuka, mkuu, na bahasha nilimpa mkononi mwenyewe.

Kilele. Baada ya Cobra Point unahesabu pumzi, si hatua. Tulifika saa kumi na mbili na dakika chache, watatu. Kuna kibao, kuna bendera ya bati, na jina lake ni Socialist Peak, Kilele cha Ujamaa. Nilicheka peke yangu nikikumbuka mwalimu wetu wa siasa. Jua likatokea pembeni mwa Kilimanjaro. Kili inaonekana inaelea, chini yake mawingu, haina mizizi. Mdogo wangu akalia. Mimi nilisema ni upepo.

Sasa siku ya mwisho, ambayo ndiyo sababu ya uzi huu.

Tunashuka njia fupi, saa tatu asubuhi, ukungu mwepesi. Watu wamechoka, wanaongea kwa sauti, shemeji amerudi na utani wake. Afande yuko mbele. Ghafla mkono juu. Tukanyamaza. Mimi sikuona kitu, sikusikia kitu. Akasimama kama dakika nzima, kichwa kimeinama upande. Halafu akanong'ona: "Shashi."

Shashi ni wale ndege wadogo wenye midomo myekundu wanaokaa migongoni mwa nyati na twiga wakila kupe. Sauti yao ni kama mafuta yanakaanga, *tsss, krii-tsss*. Alikuwa amesikia hiyo katikati ya kelele zetu zote. Twiga hakuwepo, angeonekana kichwa. Kwa hiyo chini ya yule ndege alikuwepo nyati, na kwa kuwa ilikuwa sauti moja tu, si kundi. Dume la peke yake. Hilo ndilo baya. Kundi likikusikia linaondoka, lakini dume zee lililofukuzwa linalala kichakani na kusubiri, na ukilikanyagia usingizi linakuja moja kwa moja.

Akachota vumbi, akaliachia hewani. Upepo ulikuwa unatoka kwetu kwenda mbele. Akaturudisha nyuma hatua kama hamsini, tukazunguka juu ya mteremko, mmoja mmoja, hakuna kuongea. Tulipokuwa tunapita ndipo nikamwona: mgongo wa matope makavu, sikio moja limechanika, amelala palepale pembeni mwa njia, karibu kiasi cha kumrushia kofia. Shashi yuko begani kwake. Alinyanyua pua. Bunduki ya afande ilikuwa imeshuka begani, iko mikononi, mdomo wake umeelekea chini. Alikuwa anamtazama nyati usoni kama mtu anayemtazama jirani mkorofi kwenye kikao. Nyati akapumua mara moja, *pfuu*, akalaza kichwa.

Tulipofika uwanjani wote tukaanza kuongea kwa pamoja. Afande akarudisha bunduki begani, akafungua chupa yake ya maji. Nikamwambia, afande umetuokoa. Akasema, "Ndege kanisaidia. Nyie mlikuwa mnapiga kelele, na yeye anapiga kelele. Mimi nachagua ya kusikiliza."

Anayetaka kwenda, wakati mzuri ni Juni hadi Februari, ukiondoa mvua za Novemba. Chukua siku nne, za siku tatu ni kuuana. Na ile siku ya ziada omba kutembea na askari kando ya maziwa, tulikosa muda, najuta.

#13 Loshoro

Shikamoo nimeipokea, marahaba. Huyo wa sikio lililochanika tunamjua. Mwaka jana alikula maharage ya mama mkubwa, robo eka.

#14 Dar Joto

Mkuu nimesoma yote, picha nimesamehe. Swali moja: kile kiatu?

#15 Mchana Kutwa

Kilishuka hadi Momella, fundo halikulegea hata nusu. Nimekipeleka kwa fundi viatu hapa mtaani abandike soli. Ameutazama ule mpira, akauliza nani kafunga. Akasema gundi ataweka, ila mpira tusiutoe.